Mwanaume Aliyepisha Malori

Mtu akikuambia foleni ya malori ni laana, jua huyo hajawahi kuuza chakula. Mimi Ruti, Mama Dina, nimeuza kahawa na mahindi ya kuchoma kando ya foleni ya Chapwa tangu Dina wangu anabebwa mgongoni, na sasa Dina ana mtoto wake wa kubeba. Foleni ile ndiyo iliyomsomesha. Malori yalianzia mpakani Tunduma, yakapita mbele ya vibanda vyetu, yakaendelea nyuma huko hata macho yasifike: ya mafuta, ya mbolea, ya saruji, yote yanaelekea Zambia na Kongo. Dereva angeweza kufika Chapwa Jumatatu, na Ijumaa akawa bado anatazama kibanda kilekile. Watu wa redioni walilalamika kwamba uchumi umekwama. Sisi tulikuwa tunaosha sahani.

Kibanda cha pembeni yangu kilikuwa cha Mwasiti. Alikuja huku kutoka Muheza na mumewe Ashraf, mwendesha bodaboda, mtu wa vicheko. Ashraf alifia kwenye barabara hiyohiyo. Lori liliharibika huko mbele, dereva akapanga mawe na matawi nyuma yake kuwaonya wanaokuja, kama wanavyofanya madereva wote. Fundi alipomaliza, lori likaondoka, mawe yakabaki. Giza lilikuwa limeingia Ashraf alipofika pale na pikipiki yake.

Tangu hapo Mwasiti hakuweza kuona jiwe au tawi lililosahaulika barabarani akatulia. Ataacha sufuria jikoni, atajifunga kanga kiunoni, atakwenda kuliondoa huku anatukana kwa Kiswahili chake kizuri cha Tanga, matusi ambayo ukiyasikia kwa mbali unaweza kuitikia amina.

"Mwanaume anayeacha matawi barabarani, dada Ruti," alikuwa ananiambia, "hata nyumbani kwake atayaacha."

Ndiyo maana alimwona Uledi. Uledi alikuwa dereva, mtu wa Urambo, mrefu, mpole, maneno yake unayasubiri. Siku moja tairi la lori lake la bluu lilipasuka hatua chache kabla ya vibanda vyetu, akakata matawi akayapanga nyuma ya lori. Alipomaliza kufunga tairi alisogeza gari, kisha akashuka, akarudi kwa miguu, akaokota matawi yote, moja baada ya jingine, na majani yaliyobaki akayasukuma pembeni kwa kiatu. Mwasiti alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi. Mchana ule sahani ya Uledi ilikuwa na chapati ambayo hakuagiza, na mimi macho ninayo.

Safari iliyofuata Uledi alileta nazi kutoka Dar es Salaam, mfuko mzima. Huku kwetu nazi ni kitu cha kutafuta, na Mwasiti alikuwa amekula maharage makavu miaka mingi akiyasikitikia. Alipozipokea alizinusa. "Asante, kaka Uledi," akasema. "Haina shida, dada Mwasiti," akajibu. Wakabaki hapo, kaka na dada, kama watoto wa mama mmoja.

Sasa nikueleze sheria ya foleni, maana bila hiyo hutaelewa. Lori la mbele likisogea, nawe unasogea. Ukisinzia, wa nyuma anakupita na nafasi yako imekwenda. Nimeona wanaume wazima na ndevu zao wakishikana mashati kwa sababu ya urefu wa tela moja. Wengine walikuwa wanatuomba sisi akina mama: "Mama Dina, nalala kidogo, lile jekundu likisogea niamshe." Tukawa tunaamsha wanaume wa watu kwa kugonga milango ya malori na miko.

Uledi hakuhitaji kuamshwa. Lori lake likifika mbele ya kibanda cha Mwasiti, basi, limefika. Foleni itasogea, mbele yake patabaki uwazi wa kutosha kuchezea mpira, na yeye ametoa mkono dirishani anawapungia wa nyuma: pita, kaka, pita. Wanapita. Kesho yake hivyohivyo. Wenzake walioingia naye Chapwa walishavuka mpaka, wengine walishakula chakula cha wake zao wa Lubumbashi, na Uledi bado yuko mbele ya kibanda anakula maharage ya nazi kwa kijiko, polepole.

Mwanzoni watu walifurahi. Nani anakataa kupishwa? Baadaye wakaanza kuingiwa na hofu. Kuna aliyesema mzigo una mkosi. Kuna aliyesema lori lina jini, na jini lile halipendi Zambia. Dereva mmoja wa kutoka Kitwe alikuja kwangu na kikombe cha kahawa, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini, akiniita mama kwa Kibemba chao, "Bamayo, yule rafiki yenu ni mgonjwa?" Nikamwambia ndiyo, mgonjwa sana, lakini huo ugonjwa hauambukizi kwa malori.

Mwasiti naye aliingiwa na huruma, au alijifanya kuingiwa na huruma, akamtumia fundi. Danford, fundi wetu wa malori, alilala chini ya lori la Uledi asubuhi nzima. Akatoka huko grisi hadi masikioni.

"Hili gari ni zima kuliko mimi," akasema.

Uledi akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Labda ni pampu."

"Pampu iko sawa."

"Basi labda ni kitu kingine."

Danford akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Danford. Tukalitazama lori, kisha tukakitazama kibanda. Danford akakusanya spana zake, na kufikia jioni Chapwa nzima ilikuwa imeshajua ugonjwa wa lori lile.

Mimi sikuumbwa na subira. Mama yangu kule Ruanda, ile ya huku kwetu Mbozi, alikuwa anasema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu. Nikamfuata Mwasiti jikoni.

"Una habari kwamba yule mwanaume anakupenda?"

"Nani kakwambia?"

"Lori lake."

Mwasiti aliendelea kukanda unga. "Dada Ruti, kwetu mwanaume akitaka mke anatuma mshenga. Huyu anatuma malori. Nimjibu nani sasa, tela?"

"Kwa hiyo wewe humtaki?"

"Nimesema simtaki?"

Nikatoka pale mbio hadi kwenye lori. Uledi alikuwa anapanguza kioo. Nikamwambia, wewe Uledi, utamwita dada mpaka lini? Akaacha kupanguza. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, na hapo ndipo nilipogundua kosa la mtu huyu.

"Lakini, Mama Dina," akasema, "dereva anayetoa nafasi yake kwenye foleni ya Tunduma, kuna mtu asiyeelewa maana yake?"

Alikuwa anaamini ameshasema! Alikuwa anaamini anasema kila siku, mchana kweupe, mbele ya watu wote, kwa lori zima na mzigo wake. Kwa madereva hakuna kitu kikubwa kuliko nafasi ya foleni, na yeye alikuwa ameitoa, na kuitoa tena, miaka na miaka, akisubiri ajibiwe. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia ashuke akaseme kwa mdomo aliopewa na Mungu.

Akakunja kitambaa chake cha kupanguzia. "Nilikuwa na mke," akasema. "Aliondoka. Aliniambia mimi ni mwanaume wa kupita tu. Huyu nataka anione nimesimama."

"Amekuona umesimama. Chapwa nzima imekuona. Ngoja ngoja huumiza matumbo, Uledi."

"Haraka haraka haina baraka, Mama Dina."

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame!"

"Safari ijayo nitamwambia," akasema. Nikamtupia gunzi la mahindi.

Basi barabara ikaja kabla ya safari ijayo. Tuliitwa mkutanoni, na mhandisi mmoja, binti mdogo anaitwa Yasmini, kavaa hijabu na mabuti yenye tope, akatandaza mchoro mezani akatueleza. Barabara itakuwa ya njia nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi, na katikati ukuta wa zege. Kutakuwa na daraja la kuvukia kwa miguu. Malori yatajengewa maegesho yao makubwa huko mbele karibu na mpaka, na karatasi zao zote zitamalizwa humo. Wenzangu waliuliza habari za mashamba na nyumba, maswali ya maana. Mimi nikanyoosha mkono.

"Na hapa Chapwa, mwanangu, malori yatasimama wapi?"

"Hapa hayatasimama, mama," Yasmini akasema. "Ndiyo sababu ya kujenga barabara."

Alisema kwa upole, na alisema kweli. Nilijaribu kumchukia nikashindwa, maana alikuwa anakunywa kahawa yangu kila asubuhi bila sukari, kama mtu aliyelelewa Mbozi kwenye mashamba ya kahawa. Na nikisema sikuipenda ile barabara nitakuwa mwongo. Nilipenda kuangalia greda likilainisha udongo. Nilipenda harufu ya lami ikiwa ya moto. Mjukuu wangu alijifunza kusema "shindilia" kabla hajajua kusema "bibi". Ilikuwa inaota mbele ya macho yetu, pana, nyeusi, imenyooka, na watu waliokuwa wanakwenda hospitali ya Vwawa kwa saa nyingi nyuma ya malori walikuwa wanaitazama na kuomba Mungu. Mke wa Danford alikuwa mjamzito, naye aliiombea kuliko wote. Nami nikawa naiombea asubuhi na kuilalamikia mchana.

Wakati wa ujenzi malori yalipitishwa pembeni kwenye vumbi, na foleni ikawa ndefu kuliko wakati wowote. Kwa Uledi hiyo ilikuwa neema. Alikaa mbele ya kibanda hadi akaziba paa la Mwasiti, akamtengenezea meza mpya, akapaka mlango rangi ya kijani. Aliteka maji. Alimenya viazi, mwanaume mzima na kofia yake, ameketi kwenye ndoo. Na kila jioni: "Usiku mwema, dada Mwasiti." Nilikuwa nazima jiko langu kwa hasira hadi majivu yananirukia usoni.

Barabara ilipokaribia kwisha, Mwasiti aliniita tukaketi kwenye ile meza mpya.

"Kaka yangu Muheza ananiita," akasema. "Foleni ikiisha nakwenda. Hapa nitampikia nani, ule ukuta wa zege?"

"Na Uledi?"

"Uledi atapita." Alisema hivyo tu, atapita, na akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Nikachukua simu. Nikamwambia nampigia sasa hivi, huyu bwana atasikia kiama. Mwasiti akaushika mkono wangu.

"Ukimpigia, akija nitajua ameitwa. Nimezika mume, dada. Sitaki mwingine wa kusukumwa mlangoni kwangu. Niapie hutampigia."

Nikaapa. Nimeapa mambo machache maishani mwangu, na hilo ndilo lililonitesa kuliko hata nililoapa kanisani.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na ngoma, vigelegele, mahema na wageni wa kila namna, nami nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Barabara ilikuwa nzuri, nisikudanganye. Mvua ilinyesha kidogo asubuhi ile na maji yakaondoka yenyewe, hakuna tope. Kesho yake malori yakaanza kupita. Yalipita! Tulikuwa hatujawahi kuyaona yakipita. Tulikuwa tunayajua kwa majina, kwa mikwaruzo, kwa turubai zilizochanika, na sasa yalikuwa yanakuja na kupotea kabla hujamaliza kusema lile la nani.

Simu ya Mwasiti ikalia. Alikuwa Uledi, kama kawaida yake. "Nipo Vwawa, dada. Weka maharage."

Akaweka. Akayaungia nazi ya mwisho iliyokuwa imebaki. Akabadilisha kanga, akidhani sioni. Tukasimama wote wawili mbele ya vibanda, na honi ya Uledi, ambayo ningeitambua hata usingizini, ikasikika kutoka mbali.

Alipunguza mwendo. Nilimwona akipunguza. Lakini nyuma yake kulikuwa na lori, na nyuma ya hilo jingine, na askari wa barabarani alikuwa katikati na glovu nyeupe anawahimiza wote: songa, songa. Lori la nyuma likapiga honi. Uledi akatoa mkono dirishani. Haukuwa ule mkono wa kupisha watu, ulikuwa mkono tu, uko wazi, na uso uliokuwa nyuma ya mkono huo nisingependa kuuona tena. Kisha akapita. Maharage hayajapoa, alikuwa ameshavuka yuko Nakonde, upande wa Zambia. Mambo yaliyokuwa yanachukua wiki yalikwisha kabla ya kula.

Mwasiti aliifunika ile sahani. "Barabara nzuri," akasema, akaingia ndani. Niliyelia siku ile ni mimi.

Jioni Uledi alipiga simu kutoka ng'ambo kuomba radhi kwa sababu ya maharage. Kwa sababu ya maharage! Mwasiti alimwambia haina shida, kaka. Akakata simu akaanza kufunga sufuria zake kwenye gunia.

Aliondoka wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi, au tuseme ndivyo tulivyodhani. Nilimsindikiza kupitia lile daraja jipya, mimi na begi kichwani, yeye na gunia la sufuria, maana mabasi ya Mbeya yanasimama upande wa pili, upande wa wanaorudi kutoka mpakani. Angeshuka Mbeya aunganishe la Tanga. Kituo chenyewe kilikuwa kipya, kina benchi la zege na kijisehemu cha pembeni cha mabasi kuingilia. Nyuma yake kulikuwa na mikaratusi iliyobakizwa na mafundi. Tuliketi pale. Wanawake wawili tulioongea kila siku miaka yote, tukawa tunatazama viatu vyetu.

Ndipo Danford akanipigia. Siku hizo alikuwa na gereji yake kule kwenye maegesho mapya, anaona kila anayeingia na kutoka.

"Mama Dina, Uledi amerudi kutoka Kongo. Sasa hivi anamaliza karatasi, anakuja huko."

"Unasema Uledi amevuka?" nikauliza kwa sauti ambayo ingesikika Vwawa. "Uledi yule wa lori la bluu? Anakuja huku sasa hivi? Haya, asante sana Danford!"

Nilikuwa nimeapa kutompigia Uledi. Kuhusu kupigiwa na Danford sikuapa chochote.

Mwasiti hakugeuka. Alirekebisha ushungi wake tu. Basi la kwanza likaja, kondakta ananing'inia mlangoni, "Mbeya, Mbeya, Mbeya! Mama, tuingie!"

"Limejaa," Mwasiti akasema.

Nilitazama madirishani. Viti vitupu vilikuwa vinatuangalia. Nikafunga mdomo, jambo ambalo halinitokei mara nyingi. Likaja la pili, na lile halikujaa hata kwa mwenye kutafuta sababu. Mwasiti akasema dereva wake anaonekana ana usingizi. La tatu lilipoingia hakutafuta neno. Aliinua mkono akalipungia: pita, kaka, pita.

Mimi niliujua ule mkono. Nilikuwa nimeutazama miaka mingi ukitoka kwenye dirisha la lori la bluu. Nikasema kimoyomoyo, Mungu wangu, na huyu naye anasema kwa kupisha magari. Wawili hawa watakufa wanapishana.

Nilimsingizia, na namshukuru Mungu hakunisikia. Kwa sababu Mwasiti alisimama, akafungua gunia lake, akatoa kisu cha mchicha, akaenda kwenye mikaratusi akaanza kukata matawi.

"Mwasiti, unafanya nini?"

Alikusanya mzigo mzuri, akarudi, akasimama ukingoni mwa lami. Mwanamke aliyekuwa anaacha sufuria jikoni kwenda kuondoa matawi ya watu, leo ameyashika yeye. Alisema bismillahi. Kisha akayapanga kama wanavyopanga madereva: madogo kule mbali, makubwa huku karibu, yote pembeni ya njia ya kushoto, yakiongoza hadi kwenye kituo. Mimi nikavua kanga yangu nyekundu nikaenda kusimama mbele kabisa, nikawa napunga, nisije nikapata dhambi ya mtu. Magari yalipunguza mwendo yakahamia njia ya pili, bila shida. Ndiyo uzuri wa barabara ile, ina nafasi ya anayepita na ina nafasi ya aliyesimama.

Honi ikalia. Lori la bluu likaja, likaona matawi, likawasha taa za tahadhari, likaingia pembeni taratibu likasimama. Uledi huyo hajawahi kupita gari lililoharibika. Alishuka na jeki mkono mmoja na dumu la maji mkono mwingine, akafuata matawi akitafuta gari la kusaidia. Akanipita bila kunisalimia. Akafika mwisho wa matawi, akamkuta Mwasiti ameketi juu ya gunia la sufuria.

"Dada Mwasiti." Akageuka huku na huku. "Gari lililoharibika liko wapi?"

"Hakuna gari."

"Matawi haya ni ya nani?"

"Ni yangu. Niliyekwama ni mimi, Uledi. Nimekwama hapa tangu siku ile uliporudi kuokota matawi yako. Nasubiri mtu ashuke aniulize nina nini."

Uledi akaweka jeki chini. Akaweka dumu chini. Nilijiziba mdomo kwa kanga.

"Siku ile nilipopita," akasema, "nilikwenda kuomba nafasi ya banda kule kwenye maegesho. Ya mama lishe. Wamekubali leo. Nilitaka nije kwako na jibu mkononi."

"Sijakuuliza habari za banda."

Wanaume! Anatafuta banda kabla hajamtafuta mwenye kupika. Uledi akavua kofia. Lori moja la mafuta lilipita upande wa pili wa ukuta likielekea Zambia, dereva akapiga honi kumsalimu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Uledi hakuinua mkono kumjibu mwenzake.

"Mwasiti," akasema. Bila dada. "Nataka kukuoa. Mshenga atakwenda Muheza kwa kaka yako, mambo yafuate njia yake. Lakini nimetaka ulisikie kwangu kwanza. Mimi sipiti tena."

Mwasiti alimtazama hadi nikaanza kuogopa. Kisha akasimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Kwanza tuondoe matawi," akasema. "Kuna watu wanakuja nyuma."

Akainama akaanza kuokota kutoka mwisho wa huku. Uledi akakimbia hadi mwisho wa kule, mtu mrefu vile, akainama, akaokota tawi kwa tawi, na majani akayasukuma pembeni kwa kiatu kama siku ile ya kwanza. Mimi niliendelea kupunga kanga, machozi yananitiririka, madereva wananishangaa. Walikutana katikati, kila mmoja amekumbatia matawi kifua kizima, hawajui wayaweke wapi. Mwasiti akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu Ashraf.

Basi la nne likaingia kituoni. Kondakta akaruka chini, akaliona begi, akaliona gunia la sufuria, akalishika tayari kulipakia.

"Mbeya, Mbeya! Mama, huyu msafiri wa mzigo huu yuko wapi?"

Nikamnyang'anya gunia. "Hapa hakuna msafiri, mwanangu," nikamwambia. "Pita."